Bi Kijakazi: 'Damu ya kaa wangu sikuitia maji'

Saa nne na robo asubuhi, siku ya tatu ya bamvua, siku ambazo maji hujaa sana na kupwa sana. Maji yamekupwa mpaka mizizi ya mikoko imebaki uchi, na Bi Kijakazi Uweso amezama topeni hadi magotini. Kanga moja ameifunga kichwani, nyingine ameipandisha na kuikaza kiunoni. Mkono wake wa kulia umepotelea ndani ya kizimba cha mbao.

Mkono unatoka na kaa. Ni kaa koko dume, mpana kama sahani ya chai, na gando lake moja lingeweza kuvunja penseli bila kujisumbua. Bi Kijakazi hana habari na gando. Anamgeuza chali, anaweka kidole gumba kwenye ganda la tumboni, pembeni ya mguu wa mwisho, kisha anabonyeza.

"Huyu kakomaa," anasema, na kumrudisha.

Anamtoa wa pili. Anabonyeza. Ganda linaingia ndani kidogo, kama kasha la kiberiti lililolowa.

"Huyu kavua ganda juzi juzi. Mjanja we, ulidhani sitakujua?"

Hatua tano kutoka hapo, shoga yake Imakulata Zebedayo anacheka akiwa ameinamia kizimba chake. "Msemeshe taratibu, Kija. Huyo ndiye mwanamume pekee anayekusikiliza hapa Kigombe."

"Na huyu naye anasikiliza ili apate pa kunibana."

Kwa anayepita njia, hii ni asubuhi kama nyingine. Lakini leo wanawake hawa wana mgeni. Kabla maji hayajajaa, ofisa wa maabara atafika na bahasha. Ndani yake mna barua ya mistari sita iliyokwisha kuchapwa, ambamo Bi Kijakazi anaomba radhi. Kilichobaki ni sahihi yake. Akiitia, kikundi chao cha wanawake tisa kitarudishiwa kazi iliyosimama tangu mwezi wa nane. Asipoitia, hakuna anayejua.

Kazi yenyewe ni ya kutoa damu ya kaa.

Bi Kijakazi ana miaka hamsini na minane. Alizaliwa hapa hapa Kigombe, akamfuata mama yake mikokoni akiwa bado hajaota meno ya pili, na anasema hakumbuki siku aliyofundishwa kumshika kaa, kama vile mtu asivyokumbuka siku aliyofundishwa kutembea. Mumewe alifariki miaka kumi na moja iliyopita. Watoto watatu amewakuza kwa vizimba hivi.

Ufugaji wao ni wa kunenepesha. Kaa wembamba hununuliwa kwa wavuvi wakiwa karibu bure, kila mmoja hutiwa kwenye chumba chake ndani ya kizimba ili wasilane, hulishwa matumbo ya samaki kwa wiki tatu au nne, kisha huuzwa. Wanunuzi huja na matenga, wengine kutoka hotelini Tanga mjini, wengine wakielekea mpakani Horohoro na Mombasa. Kilo ya kaa mnene hufika shilingi elfu kumi na tano. Kaa aliyevua ganda karibuni hakuna anayemtaka. Anaonekana mkubwa, ukimpasua unakuta maji. Wenyewe humwita kaa maji.

"Ndiyo maana ya kidole gumba," anaeleza Bi Kijakazi. "Macho yanadanganywa na ukubwa. Mizani inadanganywa na maji. Kidole hakidanganywi."

Kidole gumba chake cha kulia kina sugu ngumu kama kwato. Mkono wa kushoto una habari nyingine. Kidole cha shahada kimeishia kwenye kiungo cha kwanza.

Miaka sita iliyopita kaa alimbana hapo. Jeraha lilikuwa dogo kuliko punje ya mchele. Alilisafisha, akalifunga, akarudi kazini. Baada ya wiki mbili kidole kilikuwa kimevimba na kuwa cheusi. Alipewa dawa, akamaliza dozi. Akapewa nyingine, kali zaidi, akamaliza. Ya tatu alichomwa sindano. Mwezi wa tatu daktari alimweleza kwamba vijidudu vilivyomo kidoleni havisikii dawa tena, na kama hawatakikata kidole, watakuja kuukata mkono.

"Nilimuuliza, daktari, havisikii ni viziwi au vina kiburi? Akasema vina kiburi." Anakinyanyua kidole na kukitazama kwa upendo wa ajabu, kama mtu anayemtazama mtoto mtundu. "Nikamwambia basi kata. Kiburi chao na mimi nina changu."

Kwa hiyo mwaka jana, msichana mwembamba mwenye miwani aliposimama mbele ya mkutano wa kijiji na kusema anatafuta wanawake wa kusaidia utafiti wa vijidudu sugu, mkono wa kwanza kupanda ulikuwa na kidole pungufu.

Msichana huyo ni Devota Tadeo, mwenye miaka ishirini na saba, mtaalamu wa maabara katika mradi mmoja wa utafiti uliopanga nyumba Nguvumali, Tanga mjini. Babu yake alikuja pwani kukata mkonge, naye Devota amekulia kambini, mbali kidogo na bahari. Anakiri kwamba mpaka anaajiriwa alikuwa anaogopa kaa.

Maelezo yake kuhusu kazi yao ni rahisi. Damu ya binadamu hubeba hewa kwa kutumia chuma, ndiyo maana ni nyekundu. Damu ya kaa, kamba na jamaa zao hubeba hewa kwa kutumia shaba, ndani ya protini inayoitwa hemosianini. Ikitoka mwilini haina rangi. Ikipigwa na hewa inageuka buluu hafifu, kama maji yenye bluu ya kusuuzia kanzu nyeupe.

"Kaa anaishi kwenye tope lililojaa vijidudu, na anaumia kila siku," anasema Devota. "Hana chanjo, hana zahanati, na hafi ovyo. Protini hiyo hiyo inayombebea hewa inamsaidia kupigana. Ikimeguka, vipande vyake vingine vinatoboa vijidudu. Sisi tunataka kujua ni vipande gani, na vinaweza kufanya kazi dhidi ya vijidudu gani."

Anasisitiza kwamba hiyo si dawa bado, na inaweza kuchukua miaka mingi kuwa dawa, au isiwe kabisa.

Kijijini habari hiyo ya mwisho haikufika haraka kama ile ya kwanza. Wiki moja tu baada ya kazi kuanza, jirani yao Sele, fundi baiskeli mwenye kidonda mguuni, alimfuata Bi Kijakazi na kikombe.

"Dada Kija, nitilie kidogo nikapake."

"Hii damu, Sele, si mchuzi."

"Hata kijiko."

"Nenda zahanati."

"Zahanati kuna foleni."

"Basi ndiyo foleni yako hiyo. Mimi nilikaa wiki mbili bila kwenda, ukitaka kujua ilikuwaje hesabu vidole vyangu."

Sele hakwenda. Jumatatu iliyofuata Bi Kijakazi alimchukua kwa mkono, kama mtoto anayepelekwa chanjo, akakaa naye kwenye benchi mpaka alipoitwa. Kidonda kilipona kwa dawa ya kawaida kabisa. Sele hupita akisema ni baraka za kaa.

Kutoa damu kwenyewe Bi Kijakazi alijifunza siku moja. Kaa hufungwa magando kwa uzi wa katani, kazi ambayo Imakulata, binti wa mkata mkonge, hamwachii mtu. Sindano hupita kwenye ngozi laini ya kiungo, pale mguu wa mwisho unapoungana na mwili, na huvuta kiasi kidogo tu. Damu hutiwa kwenye kichupa chenye dawa ya kuizuia isigande, kichupa huingia kwenye boksi la barafu, na kaa hurudi kizimbani kupumzika. Hafi. Wiki mbili baadaye anatolewa tena. Vichupa thelathini kila wiki viliondoka Kigombe kwenda Nguvumali, kila kimoja kikiwa na karatasi yake: namba ya kaa, uzito, upana, dume au jike.

Miezi mitano mambo yalikwenda vizuri. Maabara walitandaza vijidudu kwenye visahani vyenye chakula chao, wakadondosha damu ya kaa katikati, na asubuhi wakakuta duara safi ambamo vijidudu vimekufa. Devota alimletea Bi Kijakazi picha ya duara hilo kwenye simu. Bi Kijakazi aliitazama kwa muda mrefu.

"Hapo kati ndipo walipokufa?"

"Ndiyo, mama."

"Wote?"

"Wote."

"Alhamdulillahi. Wafe tena."

Kisha mwezi wa saba likaja agizo. Mradi ulikuwa unajaribu kupunguza gharama, na kwa kuwa kaa wanono ndio biashara ya wanawake, mtu fulani ofisini alipendekeza kwamba damu itolewe kwa wale ambao wanunuzi hawawataki. Lilikuwa wazo jema, lenye huruma hata. Kila upande ungepata chake.

Bi Kijakazi alilipinga siku hiyo hiyo.

"Nilimwambia Devota, mwanangu, hawa hawatakiwi kwa sababu wamevua ganda. Hawana kitu ndani. Akaniambia mama, kaa ni kaa, sisi hatutaki nyama." Anatikisa kichwa, lakini anatabasamu. "Mtoto wa kambi ya mkonge. Ningemlaumu vipi?"

Devota mwenyewe haikwepi hadithi hiyo. "Aliniambia mara mbili. Mara ya pili nilikuwa nahesabu vichupa, nikaitikia tu."

Maduara kwenye visahani yakaanza kupungua. Mwanzoni mwa mwezi wa nane yakawa hayaonekani. Maabara walipopima wakakuta protini kwenye damu imeshuka mno, kana kwamba damu imeongezwa maji. Na kwa kuwa mwenye kushika sindano alikuwa mmoja, na vichupa vilikuwa vinalipiwa kwa idadi, ofisini likazaliwa wazo ambalo halikuwa na huruma hata kidogo. Huyu mama anachakachua. Anatoa damu ya kaa kumi, anajaza maji ya bahari, anapeleka vichupa thelathini.

Kazi ikasimamishwa kwa simu. Tuhuma ikaandikwa kwenye jalada.

"Nilikaa kwenye kizingiti mpaka adhuhuri," anasema Bi Kijakazi. "Si kwa ajili ya kazi. Kazi nilikuwa nayo kabla yao. Lakini mwizi sijapata kuitwa, wala mama yangu hakupata kuitwa. Hapa nikimwambia mnunuzi huyu kakomaa, hampasui kuhakikisha. Nikishaitwa mchakachuaji, nani tena ataamini kidole changu?"

Ndani ya kikundi mambo hayakuwa mepesi. Fedha za vichupa ndizo zilizokuwa zinanunua chakula cha kaa wa wote tisa. Imakulata, ambaye ndiye katibu, alimsihi akubali tu yaishe.

"Nilimwambia, Kija, sema samahani, neno lenyewe halina kilo," anakumbuka Imakulata. "Akaninunia siku nne. Siku nne! Mtu tunayekula sahani moja. Nilipika kisamvu nikampelekea, akakila, akarudisha bakuli bila kusema neno."

"Nilisema ahsante."

"Uliliambia bakuli."

Siku ya tano Bi Kijakazi aliomba alipiwe nauli kwenye mfuko wa kikundi, akaenda Nguvumali peke yake. Aliingia ofisini kwa mkuu wa mradi, Dakta Wilfred, akasalimia, akakaa bila kukaribishwa.

Alichomwambia ni hiki: njooni Kigombe na sindano zenu, vichupa vyenu na macho yenu. Mimi sitagusa damu. Nitabonyeza tu. Nitawaambia yupi damu yake itaua vijidudu na yupi haitaua. Nikikosea, niandikeni mnavyotaka.

Dakta Wilfred alitaka kukataa. Devota, aliyekuwa amesimama mlangoni, akasema atakwenda hata kwa siku yake ya mapumziko.

Walitolewa kaa kumi na wawili, kila mmoja akafungwa uzi wa rangi yake. Kwa mizani na kwa rula walikuwa sawasawa. Bi Kijakazi aliwapitia kwa kidole gumba kama mtu anayechagua maembe sokoni, akitaja, na Devota akiandika: ndiyo, hapana, hapana, ndiyo. Sita huku, sita huku. Karatasi ikatiwa kwenye bahasha, bahasha ikagundishwa. Damu Devota aliitoa kwa mkono wake. Imakulata aliyemshikia kaa anasema alisali sala zote alizozikumbuka, na moja ya mavuno kwa bahati mbaya.

Baada ya siku tatu visahani vilisomwa. Kati ya kumi na wawili, Bi Kijakazi alipatia kumi na mmoja.

"Yule mmoja wa uzi wa kijani," anasema, akiwa bado na hasira naye. "Alinidanganya yule."

Maelezo ya kitaalamu yalikuwa yameandikwa vitabuni siku zote. Kaa anapovua ganda hunywa maji mengi ili autanue mwili kabla ganda jipya halijakauka. Damu yake huwa nyepesi kwa siku kadhaa, na hemosianini hupungua mpaka apate nafasi ya kula na kuitengeneza upya. Maabara walipima uzito, upana na jinsia. Hakuna aliyefikiria kupima hilo, ingawa mwanamke wa Kigombe alikuwa amelisema mara mbili.

"Kwa hiyo maji yalitiwa kweli," anasema Bi Kijakazi. "Ila aliyeyatia ni kaa mwenyewe. Mkamate yeye."

Mtu angedhani hapo mambo yameisha. Hayakuisha. Jalada lilikuwa limekwisha kuandikwa, na jalada likiandikwa linataka kufungwa. Awamu ya pili ya utafiti inaanza mwezi ujao, na kikundi hakiwezi kupewa mkataba kikiwa na tuhuma isiyojibiwa. Dakta Wilfred, anapoulizwa kwa simu, anaongea kwa upole na haoni tatizo.

"Hakuna anayemtuhumu tena. Tunamheshimu sana yule mama. Ni barua ya kawaida tu, kuomba radhi kwa usumbufu uliotokea, ili tufunge jalada. Ni utaratibu."

Saa sita kasoro, pikipiki inazima injini nyuma ya mikoko. Devota anavua viatu, anakunja suruali, anakuja akikanyaga tope kwa uangalifu wa mtu ambaye bado hajalizoea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Chai."

"Hujala."

Bahasha inasubiri. Kwanza unaliwa wali, kwenye mkeka nje ya nyumba ya Bi Kijakazi, na mchuzi wa kaa wa nazi. Devota, aliyekuwa anaogopa kaa, anavunja gando kwa meno. Imakulata anamsifu kwamba sasa anaweza kuolewa pwani.

Mikono ikishanawiwa, Bi Kijakazi anavaa miwani na kuisoma barua kwa sauti, neno baada ya neno. Mimi, Kijakazi Uweso, ninaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza kutokana na ubora hafifu wa sampuli nilizowasilisha. Anafika mwisho. Anairudia sentensi hiyo.

"Nilizowasilisha," anasema. "Kana kwamba nilijiagiza."

"Mama, hata mimi siipendi," anasema Devota. "Nimewaambia."

"Najua umewaambia."

Imakulata anajaribu mara ya mwisho, nusu utani. "Nipe mimi nisaini kwa niaba. Nina mwandiko mzuri."

"Mwandiko mzuri kaandikie kadi za harusi." Halafu, kwa sauti nyingine, anamgusa shoga yake gotini. "Ima, wakitunyima, tutauza kaa. Tuliuza kabla yao."

Imakulata anatazama vizimba kwa mbali. Vyake ndivyo vyenye kaa wengi wenye njaa. Anavuta pumzi. "Haya. Tutauza kaa."

Bi Kijakazi hataki kazi ife. Hilo analisema wazi, na analisema tena. Anataka maduara yale yaendelee, anataka ajue ni kipande gani cha damu kinachoua, na anataka siku moja mtu mwingine abanwe na kaa na abaki na vidole kumi. Anachotaka kabla ya hapo ni kitu kimoja. Ile karatasi ya kila kichupa, baada ya uzito na upana na jinsia, iongezwe mstari: ganda limebonyea, au halikubonyea. Na wote wanaotaka kuujaza mstari huo, wa maabara na wa kijijini, waje wakae naye mwezi mzima topeni mpaka vidole vyao vijue.

"Wakianza na Dakta Wilfred itakuwa vizuri," anaongeza Imakulata. "Nitamfungia kaa mwenyewe. Labda nisikaze sana."

Devota anaandika hayo yote kwenye daftari lake, pamoja na tarehe. Maji yameanza kujaa, na dereva wa pikipiki anapiga honi. Anaikunja barua ile isiyo na sahihi, anairudisha kwenye bahasha, anasimama, anasita.

"Na kuhusu radhi, mama, nikawaambie nini?"

"Waambie nimeisoma, nimeielewa, na radhi siombi."